Kero kwanza, nyundo baadaye: kujizoeza kufikiri kama mvumbuzi

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kaunta buku ya kwaya mbili, kalamu iliyofungwa kamba ili isiazimwe, futi kamba, vipimajoto viwili vya kioo na mizani ya dukani. Wengi huanzia upande wa pili. Wanakusanya nondo, vipande vya bati na mota ya feni iliyoungua, kisha wanajiuliza watengeneze nini. Matokeo yake kila maonyesho ya kilimo hayakosi mashine moja inayowasha taa na kupiga honi, yenye watazamaji wengi na mnunuzi hakuna.

Hapa tunaanza na kero. Mfano mmoja tutaufuata kwa vipimo mpaka mwisho: chungu ndani ya chungu, katikati yake mchanga wenye maji, cha kutunzia nyanya wakati wa kiangazi cha Dodoma. Chungu chenyewe si kipya. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alikisambaza kaskazini mwa nchi yake na kutunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Tumekichukua kwa sababu ni cha bei nafuu, kinapimika, na karibu kila kosa la mvumbuzi huonekana humo ndani ya siku saba.

Siku 14 za daftari

Kila siku andika kero tano. Mwisho utakuwa na 70, na nyingi zitakuwa takataka, usijali. Kila kero iwe na mambo matano: nani, wapi, saa ngapi, kiasi gani, na sasa hivi anajinusuruje.

"Nyanya zinaoza sana sokoni" haifai, haina kitu cha kushika. Andika hivi: "Muuza nyanya, soko la Majengo, Alhamisi saa 11 jioni. Kati ya sado nne alizonunua Jumanne, moja imelainika. Anaiuza nusu bei kwa mama ntilie." Sasa una siku, kipimo na hasara, na umejua kwamba mama ntilie ni sehemu ya mfumo. Ukileta chombo kinachozuia nyanya zisilainike, kuna mtu atakosa nyanya za bei rahisi. Hilo nalo liandike.

Jambo la tano, la kujinusuru, ndilo lenye utajiri. Popote unapoona mpira wa baiskeli umefungwa kwenye mpini wa jembe, jiwe juu ya kifuniko, msumari pasipo pake, au gunia lililoloweshwa juu ya tenga, jua kuna mtu amekwisha kuvumbua nusu ya chombo na amekosa nafasi ya kumalizia. Gunia lile la maji ndilo linalotuleta kwenye chungu chetu.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usiingie sokoni na daftari mkononi ukauliza "mnakabiliwa na changamoto gani?" Swali hilo watu wamelizoea, nalo lina jibu lake tayari: tunaomba mtaji. Salimia kwanza, kwa mzee wa Kigogo "mbukwenyi" hufungua mazungumzo haraka kuliko kitambulisho. Nunua kitu. Kisha uliza kuhusu kitu kinachoonekana: "Shikamoo mama. Hizi zilizolainika huwa unazipeleka wapi?" Andika ukishaondoka.

Acha pia ukurasa wa mambo yasiyotarajiwa, hata kama hayana kazi leo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba mkoani Tanga, aliingiza mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Hakulifuta jambo hilo kichwani. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Profesa Denis Osborne aliyekuja kutoa mhadhara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Huo ulikuwa ugunduzi, haukuwa chombo, lakini tabia ni ileile: lililokwenda kinyume linaandikwa, halifichwi.

Sentensi isiyo na dawa ndani yake

Chagua kero moja yenye hasara inayohesabika na inayojirudia angalau kila wiki. Iandike kwa sentensi moja, bila kutaja chombo chochote. "Wanahitaji friji" ina dawa ndani. Ukianza nayo utaishia kwenye umeme na bei ya kompresa. "Nyanya zilizoiva hulainika kabla ya siku ya nne" inaacha mlango wazi: unaweza kupoza, kukausha, kuchuma mapema, kuuza haraka, au kubadilisha tenga linalozichubua.

Chini ya sentensi hiyo andika kwa nini, mara nne au tano, kila jibu likizaa swali. Zinalainika kwa nini? Joto. Joto linatoka wapi? Banda la bati. Kwa nini zinakaa bandani mchana? Kwa sababu wanunuzi huja jioni. Ukifika mahali ambapo jibu ni "hatujui", simama hapo. Hapo ndipo pa kwenda kupima.

Tafuta mgongano

Hapa ndipo mvumbuzi na fundi wa kawaida hutengana. Fundi hupunguza ubaya wa pande zote mbili, kidogo huku, kidogo kule. Mvumbuzi hutafuta mahali ambapo kitu kimoja kinatakiwa kiwe na hali mbili zinazokataana, akauandika ugomvi huo kwa uwazi.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa James Watt. Kati ya 1763 na 1764 alipewa kutengeneza mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Akaona inakula mvuke kupita kiasi. Silinda ilitakiwa iwe ya moto ili mvuke uijaze, kisha iwe baridi ili mvuke ugeuke maji, na hivyo kila pigo lilianza kwa kuipasha upya. Moto na baridi mahali pamoja. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke ukapoe kwenye chombo kingine, silinda ibaki na moto wake.

Angalia alivyofanya. Aliutenganisha ugomvi kwa mahali. Mhandisi wa Kisovieti Genrich Altshuller, aliyeanza mwaka 1946 kuchambua kwa maelfu hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, alionyesha kwamba njia za kutenganisha hujirudia. Za kukumbuka kila siku ni tatu: kwa mahali (hapa moto, pale baridi), kwa wakati (sasa kizito, baadaye chepesi), na kwa ukubwa (kitu kizima kigumu, vipande vyake laini).

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye alizeti. Kukamua mbegu kunataka mgandamizo mkubwa. Kijijini kuna mkono wa mtu tu. Mwaka 1985, hapahapa Tanzania, Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono yenye wenzo mrefu na pistoni nyembamba. Nguvu ileile ikibanwa kwenye eneo dogo huzaa mgandamizo mkubwa, kwa hiyo mashine husukuma mbegu kidogo kidogo, pigo baada ya pigo, bila kusimama, badala ya kubana ndoo nzima kwa mkupuo. Ugomvi ulitenganishwa kwa wakati. Ya kwanza ilikuwa nzito kuvuta, ndipo zikaja ndogo ambazo mwanamke mmoja anaziendesha.

Kwa nyanya zetu andika mgongano hivi: "Maji yanapoza yakikauka kwa upepo, lakini nyanya yenyewe ikilowa inaoza." Ulowe na usilowe. Tenganisha kwa mahali: maji yawe nje, nyanya ndani, ukuta katikati upitishe joto bila kumwagia nyanya maji. Tayari chungu kimeanza kuonekana, na hujagusa udongo.

Mawazo 20, dakika 20

Weka saa. Andika njia 20 bila kufuta. Tano au sita za kwanza ni zile ambazo kila mtu angezitoa. Kati ya saba na kumi na mbili utakwama na kutaka chai. Usinyanyuke. Ukikwama, jiulize nani mwingine ana ugomvi kama huu: mfuga nyuki, muuza samaki, dereva wa lori mwenye kiriba cha maji nje ya mlango. Kisha lala nayo usiku mmoja kabla ya kuchagua. Sehemu hii watu huipenda mno na kuipa siku tatu; dakika 20 zinatosha.

Pima mpaka kabla ya kujenga

Kabla ya kununua chungu, jua kinaweza kufika wapi hata kikifanya kazi bila dosari. Kila chombo kina mpaka wake wa kimaumbile, na mara nyingi unaupata kwa nusu saa.

Tundika kipimajoto kimoja kivulini. Kingine kifunge kitambaa cha pamba, kipande cha khanga kuukuu kinafaa, kwenye tumbo la chini la kioo. Lowesha kwa maji ya joto la kawaida, kisha pepea kwa kipepeo cha jiko la mkaa dakika tatu hadi tano. Soma namba ya chini kabisa. Hiyo ndiyo sakafu: chungu cha maji hakiwezi kushuka chini yake, hata ukikisemesha.

Kiangazi, hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, kipimajoto chenye kitambaa kitasoma karibu 18. Una nyuzi 12 za kuchezea. Hewa ya nyuzi 30 hiyohiyo ikiwa na unyevu wa asilimia 80, sakafu ni 27, na nyuzi tatu hazimfai mtu. Ndiyo sababu chombo hiki kinaifaa Dodoma, Singida na Manyoni kati ya Juni na Oktoba, na ndiyo sababu kitamwaibisha atakayekipeleka Tanga. Mpaka huo unakupa jibu la pili: maziwa, nyama na chanjo zinazotaka nyuzi 2 hadi 8 ziondoe kwenye mipango.

Hesabu ya pili ni ya maji. Lita moja ikikauka huondoka na joto la takribani kilojuli 2,400. Kushusha kilo 2 za nyanya kwa nyuzi 10 kunataka takribani kilojuli 80 tu, yaani maji ya vijiko viwili vya chakula na tone juu yake. Vijiko viwili! Basi zile lita utakazomwaga kila siku zinakwenda wapi? Zinapigana na joto linaloingia kutoka nje. Kwa hiyo kukisogeza chungu kivulini kuna faida kuliko kuongeza ndoo ya maji, jambo ambalo mji unaohesabu maji yake unapaswa kulipenda.

Jaribio lenyewe

Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala mng'aro: kikubwa chenye mdomo wa sentimita 40 hivi, kidogo cha 30, ili nafasi kati yao ibaki sentimita 4 hivi kila upande. Chekecha mchanga wa korongo, uuoshe mpaka maji yatoke safi. Utahitaji ndoo ya lita 20 isiyojaa. Weka sentimita 5 chini ya chungu kikubwa, simamisha kidogo juu yake midomo ikilingana, jaza mchanga pembeni. Weka chungu juu ya matofali matatu ili upepo upite chini. Mimina maji taratibu, lita 5 hadi 6 mara ya kwanza, uache yakianza kusimama juu ya mchanga. Funika kwa gunia la katani lililokunjwa mara mbili na kuloweshwa. Ongeza maji asubuhi na jioni kwa kopo lenye kipimo, na andika umeongeza kiasi gani.

Hicho ni chungu A. B ni kama A, kila kitu sawa, ila hakitiwi maji. C ni tenga la kawaida kivulini. Bila B hutajua kama kilichosaidia ni maji au ni kule kukaa gizani ndani ya udongo. Kama vyungu ni viwili tu, endelea na A na C, lakini andika wazi kwamba hilo hulijui.

Nunua nyanya 60 za muuzaji mmoja, siku moja. Zipange kwa rangi, kisha zigawe kama karata: moja A, moja B, moja C, mpaka ziishe. Kila kundi ni 20, karibu kilo 2. Zipe namba kwa maka peni. Usizioshe. Kwa siku saba, saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, soma joto la ndani na la kivulini. Jioni pima uzito na uhesabu zilizolainika. Saa 8 ndiyo saa ya ukweli. Chungu kikishuka nusu ya zile nyuzi ulizozipata kwa kitambaa, au zaidi, kinafanya kazi.

Kinapogoma

Kisiposhuka hata nyuzi mbili, kagua ukuta. Tia maji chungu kitupu usiku; asubuhi nje kuwe na weusi wa unyevu. Kikiwa kikavu, kilisuguliwa sana na mfinyanzi au kilipikiwa mafuta na vitundu vimeziba.

Kikianza vizuri kisha kikachoka wiki ya pili au ya tatu, tazama utando mweupe nje. Maji ya visima vingi huku ni ya chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki na kuziba. Sugua kwa brashi na ndimu au siki kila wiki.

Nyanya zikiota ukungu, gunia limekaa juu yake au iliyopasuka imeachwa ndani. Weka vijiti chini zisigusane na udongo unaotoka jasho, na kila asubuhi toa yenye jeraha. Maji yakituama juu ya mchanga umemwagia kupita kiasi, na mbu watakushukuru.

Kosa kubwa zaidi haliko kwenye chungu. Siku ya tatu mambo hayaendi, mtu anahamishia kibarazani, anabadili gunia na anaongeza maji, vyote jioni ileile. Kesho yake joto limeshuka na hajui kwa nini. Badilisha kimoja, subiri siku mbili, andika, ndipo ushike kingine. Ndugu wawili Wright, waundaji wa ndege wa Marekani, walipoona mwaka 1901 kwamba namba za vitabu haziwapi mbawa walizotarajia, walijenga sanduku la upepo, na mizani yake wakaitengeneza kwa vipande vya msumeno na waya za spoku. Wakajaribu maumbo ya mbawa karibu 200, moja moja. Ndege yao iliruka tarehe 17 Desemba 1903.

Na chombo kikifanya kazi, migongano mipya hujitokeza. Mchanga unashika maji muda mrefu lakini chungu kinafika kilo 40 na hakihamishiki. Tenganisha kwa wakati: kisafiri kitupu, kijazwe kilipo. Maji ni haba: tumia yaliyooshea mboga, yasiwe na sabuni.

Mwachie mtu, ukae kimya

Mpelekee yule muuza nyanya. Mwonyeshe mara moja, kisha usimsaidie. Akiweka mkono mahali ambapo hukutegemea, kosa ni la chombo. Usimuulize kama amekipenda. Atakujibu "kizuri sana mwanangu", kwa kuwa mgeni havunjwi moyo. Rudi baada ya wiki bila taarifa. Kama mchanga umelowa, unacho chombo. Kama kuku anaatamia humo, unalo jibu pia, na swali lifuatalo ni kilimshinda siku ya ngapi.

Ukifaulu kwa mmoja, nenda kwa watano, halafu ishirini. Kuruka hatua hizo kumekwisha kujaribiwa umbali mfupi kutoka hapa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Kongwa, mkoani Dodoma, mpango wa karanga uliolenga ekari zaidi ya milioni 3 kwa jumla, Kongwa na kwingineko, bila shamba dogo la kutosha la majaribio. Mvua ilikuwa haba, na udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, ukashinda majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Ekari chache za majaribio kwa misimu miwili zingewaambia yote hayo kwa gharama ya trekta moja.

Kuhusu haki: hataza hutolewa kwa kitu kipya, kwa hiyo chombo ambacho ni chako kweli kipeleke BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ukaulize kabla hujakionyesha maonyeshoni au kukirusha kwenye simu. Chungu ndani ya chungu hakisajiliki, kinajulikana duniani. Kifuniko ulichokibuni wewe huenda kikafaa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na huko utapata watu wa kukuza chombo kutoka kimoja hadi mia. MAKISATU, mashindano ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ni mahali pa kupata macho ya watu. Nenda na daftari. Namba za siku saba zinajibu maswali ambayo rangi mpya ya chombo haiwezi.

Januari mvua ikishakolea, funga tena kitambaa kwenye kipimajoto na upepee. Andika namba hiyo kwenye karatasi ya maelezo ya chombo, karibu na neno "kiangazi", ili atakayekinunua ajue ni miezi gani akitegemee na miezi gani akigeuze ghala la karanga.